Panya Amehamia Ndani Pamoja na Mahindi

Katika Rangwe siku hizi mahindi hayalali nje. Hapo zamani kila boma lilikuwa na dero lake, limesukwa kwa fito, limeinuliwa juu ya mawe au nguzo, na juu limevikwa kofia ya nyasi ambayo mama aliiinua kidogo alipotaka kuteka nafaka. Leo tembea Kagan na Kochia, pita Gem Mashariki na Gem Magharibi, uhesabu dero zilizosimama bado. Nyingi zimeoza, na nyingine zimekuwa malalo ya kuku. Mahindi yamo ndani ya nyumba, katika magunia, nyuma ya mlango wa sebule au chini ya kitanda. Sababu yake twaijua sote: ni wezi. Simlaumu mtu anayelinda chakula cha watoto wake. Lakini mahindi yakihamia ndani, yuko mwingine anayehama pamoja nayo, naye hapigi hodi.

Sisi watu wa kilimo tukimtaja panya huwa twataja hasara. Fomu ninazojaza mimi karani zauliza ni magunia mangapi yamevunwa na mangapi yameharibika. Haziulizi ni nani analala karibu na magunia hayo. Nionavyo mimi, swali hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Mimi si daktari. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na kazi ya mwalimu ni kuyachukua maneno ya wataalamu na kuyaweka chini mahali ambapo kila mtu ayafikia.

Nianze mbali kidogo, Afrika ya Magharibi, kwa maana huko ndiko panya alikopatikana na homa inayoua. Mwezi wa Januari 1969, katika mji mdogo uitwao Lassa, kaskazini mashariki ya Nijeria, muuguzi mmoja Mmarekani wa hospitali ya misheni, jina lake Laura Wine, alishikwa na homa na maumivu makali ya koo. Hapakuwa na dawa iliyomsaidia. Alipelekwa kwa ndege mpaka mji wa Jos, akafa huko. Muuguzi aliyemhudumia akaugua, naye akafa. Wa tatu akaugua, akasafirishwa mpaka New York, na baada ya majuma mengi akapona. Damu yao ilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Yale, na ndani yake kikaonekana kirusi kipya, yaani kijidudu kidogo hata kuliko bakteria, kisichoonekana kwa darubini ya kawaida. Mtaalamu mmoja wa kazi hiyo, Jordi Casals, aliambukizwa na karibu afe. Aliokolewa kwa maji ya damu ya yule muuguzi aliyepona. Mwaka huo huo mfanyakazi mwingine wa maabara huko Yale aliugua homa hiyo akafa. Kirusi kikapewa jina la mji ule, na homa ikaitwa Lassa.

Miaka mitatu watu walijiuliza homa hii hukaa wapi wakati haiko ndani ya mtu. Jibu lilipatikana mwaka 1972 huko Sierra Leone: hukaa ndani ya panya, tena si panya wa ajabu, bali panya wa kawaida mwenye matiti mengi, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Hapo ndipo mkulima wa Rangwe anapaswa kutega sikio, kwa sababu panya wa jina hilo yupo kwetu. Katika Kiswahili watu wengi humwita panya shamba. Mgongo wake ni wa kijivu chenye kahawia, tumbo lina rangi hafifu, na mkia wake ni karibu sawa na urefu wa mwili. Panya mweusi wa darini mkia wake wapita mwili. Jike aweza kuwa na matiti mpaka 24, na hayakuwekwa bure, maana hubeba mimba siku 23 hivi na mara nyingi huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Mvua ikinyesha vizuri na majani yakawa mengi, huongezeka kupita kiasi. Wazee wanaokumbuka mafuriko ya 1961 labda wakumbuka pia kwamba mwaka uliofuata, 1962, panya walijaa katika mashamba ya Kenya.

Sasa panya huyo wa Magharibi humpaje mtu homa? Si lazima amng'ate. Kirusi kimo katika mkojo wake na mavi yake. Usiku hutembea juu ya magunia, juu ya vyombo, juu ya ugali uliobaki bila kufunikwa, na kila apitapo huacha matone machache ya mkojo. Mtu hula, au hugusa kisha hutia mkono mdomoni, au hufagia sakafu kavu akavuta vumbi lile. Wako pia wanaomkamata na kumchuna ili wamle, na hao hugusa damu yenyewe. Baadaye homa yaweza kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mwingine kwa njia ya damu, matapishi, mkojo na majimaji mengine ya mwili, na ndiyo sababu wauguzi wamekufa kwa wingi.

Liko jambo moja katika habari hii linaloniogopesha kuliko mengine. Katika tauni, ambayo nayo ni ya panya lakini huletwa na viroboto wao, panya mara nyingi hufa kwanza. Watu waliona panya wamelala wafu njiani wakajua kuna hatari. Nairobi ilipata tauni mwaka 1902, wakati ule mji ukiwa bado mchanga, mpaka soko la Wahindi likachomwa moto. Panya wa Lassa hafi. Kirusi chaweza kukaa ndani yake maisha yake yote naye akabaki mnene, manyoya yakimeta, akizaa kama kawaida. Basi ukimwona panya mwenye afya nyumbani kwako, afya yake haikuambii neno lolote juu ya yako.

Watu husikia "homa ya kutoka damu" wakadhani kila mgonjwa hutokwa na damu puani na machoni. Sivyo. Kati ya watu 10 walioambukizwa Lassa, 8 hivi huona homa ndogo tu, au hawaoni kitu. Wengine huanza, baada ya siku 2 mpaka 21, kwa homa, uchovu, kichwa kuuma, koo, kutapika, maumivu ya kifua na tumbo. Wachache ndio huvimba uso na kutoka damu. Kwa wote walioambukizwa hufa kama mmoja katika 100, lakini kwa wale waliolazwa hospitalini wakiwa wagonjwa sana hufa kama 15 katika 100. Mama mwenye mimba ya miezi ya mwisho yumo katika hatari kubwa kupita wote, yeye na mtoto aliye tumboni. Na katika waliopona, wako wengi wanaobaki viziwi, ambao hawakuwa viziwi kabla. Kuna dawa iitwayo ribavirini, nayo husaidia zaidi ikitolewa mapema. Hakuna chanjo iliyokwisha kuidhinishwa.

Je, Lassa iko Kenya? La. Nchi zake ni Nijeria, Sierra Leone, Liberia, Guinea na majirani zao. Nalisema hili kwa sauti, maana najua jinsi habari inavyokua ikitoka sokoni Rangwe mpaka kufika bomani. Panya shamba wa huku ni ndugu wa yule wa Magharibi lakini wa ukoo mwingine, na vijidudu vyao navyo si vile vile. Mwaka 2004 panya walinaswa Morogoro, Tanzania, wakachunguzwa, na ndani yao kikapatikana kirusi cha jamii moja na Lassa. Kiliitwa Morogoro. Kingine kikapatikana Gairo, si mbali na hapo. Hivi viwili havijulikani kumwugua mtu yeyote. Tena kwa kawaida panya shamba wa Afrika ya Mashariki hukaa zaidi mashambani, na ndani ya nyumba hutawala panya mweusi; huko Magharibi panya mwenye matiti mengi huingia nyumbani na kulala humo.

Msomaji mwerevu atasema, basi karani, kama ni hivyo watutisha kwa nini? Nitamjibu kwa mambo mawili yaliyotokea karibu nasi.

La kwanza ni la Zambia. Mwezi wa Septemba 2008 mtu mmoja aliugua Lusaka akapelekwa kwa ndege Johannesburg. Kabla haijajulikana ana nini, homa ilimshika mhudumu aliyemsindikiza safarini, ikamshika muuguzi, ikamshika mfanya usafi wa hospitali, na mwisho muuguzi wa pili aliyemhudumia yule mhudumu. Watu 5, wakafa 4. Aliyepona alitiwa ribavirini mapema. Kirusi kilikuwa kipya kabisa, cha jamii ile ile ya Lassa, kikaitwa Lujo kwa kuunganisha herufi za miji ile miwili. Wataalamu wamshuku panya, kwa kuwa jamii hii ya virusi kwa kawaida hukaa ndani ya panya. Kabla ya mwaka huo hakuna aliyejua kwamba kitu hicho kipo kusini mwetu.

La pili lafanana zaidi na maisha yetu. Mwaka 2022 katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, Tanzania, wakulima walianza kuugua homa, kichwa, uchovu mwingi, na damu kutoka puani. Hofu ikaenea nchi nzima. Walipimwa Ebola, haikuwapo; Marburg, haikuwapo. Mwezi wa Julai serikali ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, ambayo huletwa na bakteria na si kirusi. Hadi siku hiyo walikuwa wameugua watu 20 na kufa 3. Bakteria hao hutoka katika mkojo wa wanyama, na panya ni wa mbele. Huingia majini na matopeni, kisha humwingia mtu kwa michubuko ya ngozi au kwa kunywa. Mgunda ni shamba. Jina lenyewe lasema ugonjwa ni wa nani. Habari njema ni kwamba dawa zake zipo katika hospitali za kawaida, mradi mtu afike mapema na daktari afikirie kuuliza.

Na kuuliza huko ndiko shida yetu ilipo. Sisi wa kando ya ziwa tumezaliwa na malaria, tukalelewa na malaria, basi kila homa twaiita malaria. Mtu akiumwa hununua vidonge dukani, akalala, akanunua vingine. Ni kweli kwamba mara nyingi ni malaria, lakini "mara nyingi" haimsaidii yule mmoja ambaye si malaria. Nenda ukapimwe damu. Kama haina malaria, au kama umemaliza dawa na homa ingalipo, rudi, wala usione haya kumwambia mganga mambo ya nyumbani: kwamba panya ni wengi, kwamba juzi ulisafisha ghala, kwamba ulikuwa ukilima bondeni miguu mitupu na kidole kina kidonda, kwamba mjomba amekuja kutoka safari ya mbali akiwa mgonjwa. Mganga hawezi kuyaona hayo katika damu. Wewe ndiwe unayeyajua.

Nirudi sasa kwenye mahindi, maana hapo ndipo mimi na wewe tuna uwezo. Hatuwezi kumpima kila panya wa Rangwe ili tujue amebeba nini. Twaweza kumnyima chumba. Neno hilo moja hukata njia ya homa ya mgunda, ya tauni, na ya kirusi chochote ambacho bado hakijapewa jina, bila kungoja wataalamu watuambie ni kipi.

Watu wengine wangesema turudi kwenye dero. Mimi sisemi hivyo kwa kila mtu, kwa kuwa wezi wapo bado. Mwenye boma lenye watu wengi na mbwa mkali aweza kujenga dero nzuri: sakafu yake iwe juu kiasi cha mita moja kutoka ardhini, kila mguu uvishwe kofia ya bati iliyopanuka kama faneli iliyogeuzwa ili panya akipanda agonge kichwa, na pasiwe na tawi la mti wala ukuta karibu wa kurukia. Ngazi iondolewe jioni. Nimeona dero yenye kofia safi za bati miguuni na ngazi imeegemezwa usiku kucha. Panya hawahitaji mwaliko mwingine.

Kwa asiyeweza kuacha chakula nje, lililo bora ni pipa la bati lenye mfuniko wa kubana. Likijaa, mwizi hawezi kulibeba peke yake, na meno ya panya hayalifai kitu. Bei yake ni kubwa, sikatai, lakini ndugu wawili au watatu wa boma moja waweza kushirikiana. Jambo moja lazima: mahindi yawe yamekauka kweli kabla ya kutiwa, la sivyo yataoza humo. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na konzi ya mahindi, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ni dawa nzuri ya fukusi, lakini panya huitoboa usiku mmoja, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Na asiye na pipa, walau ayatoe magunia chumba cha kulala. Yawekwe juu ya jukwaa la mbao, mbali na ukuta kiasi mtu aweza kupita nyuma yake na ufagio, maana panya hupenda njia iliyofichwa. Tundu la ukutani lenye upana wa kidole lamtosha panya. Lizibwe kwa saruji au bati, si kwa matambara. Ugali na mboga zilizobaki zifunikwe, na mtungi wa maji vile vile.

Juu ya kufagia nataka kusema zaidi, kwa kuwa kazi hii hufanywa na akina mama na watoto wa kike, nao hawaambiwi kitu. Ghala au chumba kilichokuwa na panya kisifagiliwe kikiwa kikavu. Fungua mlango na madirisha kwanza, toka nje, acha hewa ipite nusu saa. Changanya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 9 za maji, mwagia mavi na mikojo ya panya mpaka vilowe, ngoja dakika 5 au zaidi, ndipo uokote kwa kitambaa. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hakuna. Panya aliyekufa naye alowekwe hivyo hivyo, afukiwe, asitupwe kichakani akachezewa na watoto. Kisha osha mikono kwa sabuni.

Wako wanaochanganya dawa ya wadudu ya shambani na ugali wakautega pembeni. Tabia hii ni mbaya kabisa. Dawa ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo, mtoto aweza kuokota tonge, na paka akila panya aliyekufa naye hufa, kisha boma likabaki bila mlinzi. Mtego wa kawaida ni salama zaidi. Na bundi, ambaye sisi twamwita tula na kumfukuza kwa kijinga cha moto kwa kuwa wengi huamini analeta kifo, chakula chake ni panya kila usiku. Najua wazee fulani hawatapenda kusoma hivyo. Heshima yao naiweka, lakini bundi naye namtetea.

Shauri langu la mwisho ni kwa wakubwa. Tangu 2013 kilimo na afya vyote viwili vimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Na tangu 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yao na wanaingia nyumba kwa nyumba. Wao hutazama mtoto, chandarua na choo. Bwana shamba hutazama mimea. Ile pembe ya nyumba yenye magunia haina mwenyewe: mmoja huiona ni ya kilimo, mwingine huiona ni ya afya, na panya huiona ni yake. Naomba kabla mavuno ya mvua za masika hayajaanza kuingia ndani mwezi wa Julai, machifu wa kata zetu wawaite hao wawili katika baraza moja, waje na pipa moja la bati, mguu mmoja wa dero uliovishwa kofia, na chupa ya chumvi, wawaonyeshe watu kwa mikono. Na fomu zetu ziongezwe mstari mmoja unaouliza mahindi yamehifadhiwa chumba gani, na nani analala humo. Kuujaza ni kazi ya karani, nami niko tayari.